Diski ya Nne

Walikuja Jumanne, sijafungua duka,
Gidudu wa mabwawani na kijana mwenye buti,
wamekibeba kitambaa kama wabebavyo mgonjwa.
"Diski ya nne imechanika. Kipya kimekwama njiani,
Malaba au Mombasa, kila simu na jibu lake.
Wewe Nambozo unashona gomesi za maharusi.
Hiki kitakushinda?"

Nilikinusa kwanza. Usicheke;
fundi huijua nguo kwa pua.
Kilikwisha kufuliwa kwa sabuni ya mche
na bado kilinuka Mbale yote, soko, jela na hospitali.
Manyoya yake mafupi yalilala upande mmoja
kama shingo ya bata atokaye majini.

"Sishoni nisichokijua," nikasema.
Akachukua chaki yangu, akachora juu ya meza.
Maji machafu ya mji huteremka, hupumzika bwawani;
kizito huzama chenyewe, mafuta hupanda juu.
Ila kuna chembe zisizozama wala kuelea,
zinaning'inia katikati
kama mtu aliyeingia matangani hajui akae wapi.
Hizo ndizo za kitambaa. Maji hupenya, zenyewe hunasa,
hujazana manyoyani mpaka nguo inakakamaa,
ndipo diski inazunguka, pampu inafyonza uchafu,
na nguo inapumua tena.

Nikacheka. Baba yangu aliifanya kazi hiyo bila pampu.
Kule Busiu alisuka vichujio vya mirija ya malwa,
vikofia vya nyuzi, kimoja hakizidi kidole gumba,
wazee wanyonye pombe, machicha yabaki chunguni.
Tundu likiwa pana, mtu anakohoa ulezi.
Likibana, anavuta hadi mishipa ya shingo inamtoka,
na ugomvi wa ardhi huanzia hapo.

Cherehani ilinidanganya.
Nilishona dhiraa moja, nikakiinua dirishani:
kila sindano ilipopita, nukta ya jua.
Nimeziba mlango mmoja, nimefungua mia mbili.
Nikafumua yote.
Nikashona kwa mkono, pindo juu ya pindo,
uzi nimeupaka nta ya nyuki kama alivyofanya mzee,
ujaze tundu ulilopitia.

Usiku wa pili, chini ya taa,
nikakuta manyoyani uzi wa zambarau, mfupi, unang'aa.
Naujua. Ni wa mshipi wa Mutonyi,
niliousuuza mwezi wa tatu, maji nikayamwaga mferejini
nikadhani yamekwenda.

Alhamisi nikaenda kuona. Sikualikwa.
Diski zilisimama majini, zimevaa,
yangu nikaijua kwa kovu lake.
Gidudu akachota chupa mbili, akaziweka ukutani.
Ya kwanza rangi ya chai ya kantini.
Ya pili ilinionyesha tarehe za kalenda nyuma yake.
"Kabla ya kuchanika tulipata tano," akasema. "Leo tisa.
Panavuja kidogo mshononi."
Tisa ya nini, sikuuliza. Nilitaka kuteta
nikanyamaza: nyuma yake maji yalitoka bombani
yakielekea Namatala, kwenye mpunga,
na mwanamke ameinama humo, yamemfika magotini,
mtoto mgongoni amelala.

Jumamosi bibi harusi akafika, macho mekundu.
Gomesi ilikuwa bado mkono mmoja.
"Ulikuwa wapi wiki nzima?"
Nikabana pini midomoni, nikapima bega lake.
"Nilikuwa naushonea mji nguo ya ndani.
Simama wima."